Presha ya Macho: Usiache Matone Ukingoja Mashine

Presha ya macho ni nini?
Ni glakoma. Maji yanayotengenezwa ndani ya jicho yakikosa kutoka vizuri, presha hupanda na kuua polepole mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Presha ya kawaida ni milimita 10 hadi 21 za zebaki.

Nasikia kuna mashine ya altrasaundi inayoishusha. Inafanyaje kazi?
Kwa mawimbi ya sauti, inapunguza maji kwenye chanzo chake. Jicho hutiwa ganzi, kisha koni ndogo huwekwa juu yake, ikishikiliwa kwa kunyonya hewa kidogo. Ndani huwa na pete yenye vitoa mawimbi 6, na nafasi inayobaki hujazwa maji safi ya chumvi, kwa sababu mawimbi haya hayapiti kwenye hewa. Mawimbi hukutana nyuma ya sehemu ya rangi ya jicho, kwenye kiungo kinachotengeneza maji, na kukichoma kwa joto vipande vipande bila kisu. Kila pigo ni sekunde chache tu. Koni ikikaa upande, joto hukosa shabaha na presha haishuki inavyotakiwa. Baadaye jicho huwa jekundu na uono hufifia kwa muda.

Basi niache matone ya kushusha presha, niingoje?
La. Hapa Kisumu na vijijini kote magharibi tunawaona wanaoweka chupa kando kwa sababu wamesikia habari za mashine. Presha haikungoji. Tafadhali, usiache matone.

Lakini jicho haliumi, na naona vizuri.
Glakoma iliyo nyingi kwetu haiumi. Huanza kula pembeni: mtu anagonga bega kwenye fremu ya mlango wake mwenyewe, au mwendesha boda pale Kondele haoni gari linalotokea ubavuni. Katikati bado anasoma hata ujumbe wa simu, kwa hiyo anajiona mzima. Usiache matone.

Mashine itanirudishia macho?
Hapana. Huu si mtoto wa jicho, unaotolewa ukaona. Mshipa uliokufa haufufuki, kwa matone, kwa kisu wala kwa mawimbi. Mashine hulinda kilichobaki tu, na ukichelewa kinabaki kidogo.

Nikishafanyiwa, nimemaliza?
Bado. Presha inaweza kupanda tena, na wengi huendelea na dawa. Ni daktari wa macho anayepunguza, si wewe.

Natumia matone kila siku lakini presha haishuki. Kwa nini?
Mara nyingi dawa inaishia shavuni. Vuta kope la chini, tia tone 1 bila chupa kugusa jicho, funga macho, bonyeza kona ya karibu na pua dakika 2. Kama una dawa ya pili, subiri dakika 5. Mwenye pumu aseme mapema, maana timololi, mojawapo ya matone ya kushusha presha ya macho, inaweza kumbana kifua. Na yale matone ya wekundu na mwasho yanayonunuliwa kemist bila kupimwa, mengine yana steroidi. Hayo yenyewe yanaweza kupandisha presha; acha hayo.