Go, went, gone: penye kosa hasa

Vijana ninaowafundisha Kiingereza hapa Bagamoyo, wengi wao waongoza watalii, wanaikariri "go, went, gone" kama kibwagizo cha ngoma. Hapo hawakosei. Wanachouliza ni hiyo "went" imetoka wapi, maana haifanani na "go" hata kidogo.

Si ya "go" kwa asili. Katika Kiingereza cha kale wakati uliopita wa "go" ulikuwa "eode". Neno hilo likafifia, nafasi yake ikachukuliwa na "went", lililokuwa mali ya kitenzi kingine, "wend", yaani kushika njia. Tusiwacheke Waingereza: na sisi tunamwambia mtu "njoo", si "ja", wala hakuna anayelalamika.

Kosa hasa liko kwenye "gone". Mgeni anakuuliza mwenzako yuko wapi, nawe unajibu "He has been to Kaole". Anaelewa kwamba jamaa alikwenda na amesharudi, basi anasubiri umwite. Kama bado yuko kwenye magofu ya Kaole, au yuko njiani, sema "He has gone to Kaole". Tunakosea kwa sababu Kiswahili chetu kinaruhusu yote mawili: "ameenda Unguja" ni yule aliye huko sasa, na "nimeenda Unguja mara tatu" ni mimi niliyekaa hapa nikikusimulia. Kwa Kiingereza, hiyo ya pili ni "I have been to Zanzibar three times". Ukimwambia mgeni uso kwa uso "I have gone to Zanzibar", atajiuliza anaongea na nani.

Ukitaja mwaka, "has" na "have" ziache kabisa. Pale misheni, kwenye mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone, nasikia mara kwa mara "The body has gone to Zanzibar in 1874". Sema "went". "Had gone" unaihitaji ukiwa na matukio mawili ya zamani na unataka kuonyesha lililotangulia: Wajerumani walipohamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891, mwili ulikuwa umeshakwenda, "had already gone". Hiyo haiwasumbui vijana wangu, kwa kuwa "ulikuwa umekwenda" imejengwa vivyo hivyo.

Na tafadhali, "did you went" tuiache. "Did" imeshaonyesha wakati uliopita, kwa hiyo kitenzi kinabaki "go": "Where did you go yesterday?"