Tofauti ya Hamasa na Azma, na Namna Zinavyosaidiana

Hamasa ni ile nguvu inayomwingia mtu baada ya kuona au kusikia jambo lililomgusa. Azma ni lengo kubwa la muda mrefu ambalo mtu ameamua kulifuata, akijua litamgharimu. Siku ya kwanza mambo haya mawili hufanana kabisa. Kijana wa Igombe, Mwanza, anayetoka kutazama vizimba vya samaki (nyavu za kufugia zilizowekwa majini) katika Ziwa Victoria na kusema "na mimi nitafuga" anaweza kuwa na hamasa peke yake, au azma iliyoanza kuchipua. Kwa kumsikiliza tu huwezi kujua. Mpe wiki tatu ndipo uangalie amefanya nini.

Wanasaikolojia Todd Thrash na Andrew Elliot, katika utafiti wao wa 2003, waliitambua hamasa kwa alama tatu. Haiji kwa kuagizwa, huamshwa na kitu. Humwonyesha mtu uwezekano ulio bora kuliko alivyozoea kuuona. Na humsukuma kutenda. Baadaye wakatenganisha pia kuhamasishwa na kitu na kuhamasishwa kufanya kitu. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita mkoani Mara, alichukua medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Mtu wa kandokando ya ziwa akisikia habari hiyo anaweza kujaa fahari, akaisimulia kijiweni mwaka mzima, na asikimbie hata hatua moja. Hana kosa lolote, fahari ni kitu kizuri. Ila asije akadhani safari yake ya kukimbia imeshaanza.

Azma haimwingii mtu hivyo. Huchaguliwa, na ndani yake mna picha ya mwisho, sababu ya kuitaka, njia ya kufika, na gharama ambayo mwenyewe ameikubali. Ikikosekana picha, mtu huhangaika na kila kinachopita. Ikikosekana njia, inabaki ndoto. Gharama ndiyo inayosahaulika kuliko vyote, kwa sababu hamasa humwonyesha mtu mavuno na kumficha malisho.

Kupoa kwa hamasa si uvivu wala udhaifu wa imani. Hisia kali hutulia, ndivyo binadamu tulivyo. Anayesema "nasubiri mzuka urudi" ameupa mzuka kazi isiyo yake. Kazi yake ni kukusanya: wavuvi wa dagaa huwasha taa usiku wa giza na dagaa hujaa chini ya mwanga, lakini kama hakuna wavu majini, kukicha wameshatawanyika. Kwa hiyo swali la maana si namna ya kuifanya hamasa idumu. Swali ni nini cha kufanya kabla haijapoa, na hapo una siku moja au mbili tu.

Kwanza andika kwenye daftari ni kitu gani hasa kilichokugusa. Usiandike "ufugaji wa samaki". Je, ni kule kuwatunza na kuwaona wakikua? Ni fedha za mavuno? Ni kuona mtu wa rika lako akijitegemea? Majibu haya hupeleka kwenye azma tofauti kabisa. Aliyeguswa na kujitegemea anaweza kukuta kwamba fundi umeme au duka la pembejeo vinamfaa zaidi kuliko kizimba. Tim Kasser na Richard Ryan, waliochunguza azma za watu tangu miaka ya 1990, walikuta kwamba wanaotanguliza mali na umaarufu mbele ya mambo mengine yote mara nyingi huripoti maisha yenye utoshelevu mdogo kuliko wanaotanguliza kukua kwao wenyewe, mahusiano mema na kuisaidia jamii. Haina maana fedha zisitafutwe. Ina maana kwamba sababu ya fedha peke yake hukatika haraka mambo yakiwa magumu.

Pili, igeuze iwe tendo lenye saa na mahali. Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mpango wa mtindo wa "ikitokea hivi, nitafanya hivi" hutekelezwa zaidi kuliko nia iliyoachwa hewani. "Nitafuatilia mambo ya vizimba" ni nia ya hewani. "Jumatatu saa 2 asubuhi, nikishashusha abiria wa kwanza wa bodaboda, nakwenda kwa ofisa uvuvi wa wilaya kuuliza vibali" ni mpango. Tendo la kwanza liwe dogo kiasi cha kukamilika bila mtaji. Simu moja, ziara moja, ukurasa mmoja wa mahesabu.

Panapovunjika azma nyingi ni kwenye umbali. Mchumi Debraj Ray ameeleza kwamba pengo kati ya mtu alipo na anapotaka kufika likiwa dogo mno halimsukumi kufanya lolote, na likiwa kubwa mno linamkatisha tamaa hata asianze. Katikati ndipo juhudi huzaliwa. Ray anasema pia kwamba watu huchota azma zao kutoka kwa wale wanaowaona kuwa wanafanana nao. Ndiyo maana mfugaji wa Luchelele, hapo hapo Mwanza, aliyeanza na kizimba kimoja humfaa kijana kuliko tajiri anayemwona kwenye simu: wa kwanza yumo ndani ya upeo wake, na maswali yake yanajibika.

Tuchukue mfano huo wa vizimba hadi kwenye hesabu. Sato (tilapia) huchukua takriban miezi 6 hadi 8 kufikia uzito wa kuuzwa. Kila kilo ya samaki hula kilo 1.5 hadi 2 za chakula. Samaki 1,000 wakifikia nusu kilo kila mmoja wanakuwa kilo 500, basi chakula chake ni kilo 750 hadi 1,000, na chakula kwa kawaida hula zaidi ya nusu ya gharama zote. Hapo hujaweka vifaranga, nyavu, ulinzi wa usiku na vibali, kikiwemo cha mazingira. Hujaweka pia siku ambayo maji ya chini yasiyo na oksijeni hupanda juu na samaki kufa kwa wingi ndani ya saa chache. Kijana mwenye bodaboda akiyaona haya yote kwa mara moja, pengo linamshinda. Anaacha, na mtaani wanasema hana msimamo. Msimamo anao. Alichokosa ni vituo vya kati.

Vituo vyenyewe vipo. Msimu mmoja wa kufanya kazi ya kulisha kwenye kizimba cha mtu mwingine, akiandika kila siku kilo zilizoliwa na samaki waliokufa. Mafunzo kwenye chuo cha uvuvi cha Nyegezi. Kisha kikundi cha vijana kinachoweza kuomba mkopo wa halmashauri usio na riba, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni ya vijana. Kila kituo kina thamani hata safari ikikomea hapo, na hiki ndicho kipimo kizuri cha kituo cha kati.

Mwanafunzi naye ni hivyo hivyo. Binti wa kidato cha pili anayetamani udaktari baada ya kumuuguza mama yake katika hospitali ya Bugando ana hamasa ya kweli kabisa. Azma yake inahitaji ajue mapema kwamba njia inapita kwenye Fizikia, Kemia na Biolojia, kisha shahada ya miaka 5 na mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Ajue pia kwamba baada ya kidato cha nne kuna diploma ya utabibu ya miaka 3, inayomfikisha kwa wagonjwa kwa njia nyingine. Mzazi anayemwambia "soma kwa bidii mwanangu" amempa baraka. Akimtafutia mwalimu wa Kemia wa Jumamosi, amempa njia.

Kuna mtego mmoja unaonasa hata watu makini: kuiota picha ya mwisho mara kwa mara ukidhani unajitia moyo. Gabriele Oettingen na wenzake wamekuta kwamba kujifikiria tayari umefanikiwa hupunguza nguvu za kutenda, kana kwamba mwili umeamini kazi imekwisha. Dawa yake ni kuiweka picha hiyo ubavuni mwa kikwazo kikubwa zaidi kilicho ndani ya uwezo wako, kisha kupanga utakikabili vipi. Anayeota cheti aorodheshe jioni anazopoteza.

Kwa upande mwingine, azma hulipa deni lake kwa hamasa. Thrash na Elliot waliona kwamba wanaojibidiisha kuimudu kazi yao ndio hupata hamasa mara nyingi zaidi. Mlishaji wa samaki wa msimu wa pili huona mambo kizimbani ambayo mgeni hawezi kuyaona, na kila analoliona laweza kumwasha upya. Hamasa hizi za katikati ni ndogo, hazina kelele, lakini zina manufaa kwa sababu zinamkuta mtu tayari yuko kazini.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa 1896, alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akitaka maisha na lugha ya watu wake visipotee. Hakupata mchapishaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Hakuna mzuka wa miaka 35. Njia ya kwanza ilipoziba alibadilisha lugha ya kitabu, lakini sababu yake hakuigusa.

Hapo ndipo pa kuangalia unapokagua azma yako mwenyewe, walau kila baada ya miezi mitatu. Soma ile sababu uliyoiandika siku ya kwanza. Kama bado ni ya kweli na njia ndiyo iliyoziba, tafuta njia nyingine au kituo kidogo zaidi. Kama sababu yenyewe imekufa, acha bila aibu na uwaambie wanaokutegemea mapema, kabla ya kununua gunia jingine la chakula cha samaki.