Sukari ya chai haibadilishi rangi ya Benedict, na bado ni sukari

Wanafunzi wengi huamini kwamba kimiminika cha Benedict, dawa ya buluu yenye shaba inayotumika kupima sukari, kikibaki buluu baada ya kuchemshwa, basi hakuna sukari. Si kweli. Chukua sukari nyeupe ya miwa, iyeyushe kwenye maji, weka sentimita 2 za ujazo katika neli ya majaribio, ongeza Benedict kiasi hichohicho, kisha chemsha ndani ya maji yanayotokota. Utabaki na buluu ileile.

Sababu ni umbo la molekuli. Sukrosi, yaani hiyo sukari ya chai, ni sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi, zilizoungana kwa ncha zilezile ambazo zingeipa shaba elektroni. Ncha zimefungwa, shaba haibadiliki. Glukosi ina ncha huru, ndiyo maana ndizi mbivu huleta kijani, manjano, kisha nyekundu ya tofali.

Ili kuitambua sukrosi kwa Benedict, vunja kwanza kiungo kinachoziunganisha glukosi na fruktosi: ongeza matone machache ya asidi hafifu ya haidrokloriki, chemsha dakika 2 au 3, poza, halafu tia sodiamu haidrojeni kaboneti kidogokidogo mpaka povu likome. Hapa ndipo wengi hukosea. Benedict hufanya kazi kwenye alkali, kwa hiyo asidi ikibaki, rangi haitatokea hata glukosi ikijaa. Sasa weka Benedict, uchemshe.

Jihadhari na sukari guru ya Kakamega: sehemu ya sukrosi yake huwa imeshavunjika wakati wa kuchemshwa, hivyo inaweza kubadilisha rangi bila asidi yoyote.