OK haitoki vitani yakhe

Hapa Unguja ukikaa Jaws Corner na kikombe chako cha kahawa hukosi mjuzi wa kukwambia kila slengi ya Kizungu ni ufupisho wa kitu fulani, na papasi wanaotembeza wageni Mji Mkongwe ndo wanazidi kuzisambaza hadithi hizo.

Mfano OK. Wanaapa kabisa kwamba jeshi likirudi salama liliandika 0 na K, zero killed, yani hakuna alouliwa. Tamu, lakini si kweli. OK ilitoka kwenye gazeti la Boston, Marekani, 23 Machi 1839, na ulikuwa utani mtupu, enzi hizo watu wa kule walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno huku wakiyakosea makusudi, sasa "all correct" wakaifanya "oll korrect", basi ndo hiyo OK. Vifupisho vyenzake vikafa, yenyewe ikapona kwa sababu ya siasa, mana 1840 Rais Martin Van Buren aligombea tena, kwao Kinderhook, wafuasi wake wakamwita Old Kinderhook wakafungua na OK Club. Uchaguzi akashindwa, neno likabaki mpaka leo tunaliandika kwenye WhatsApp.

Posh, yani ya kifahari, sisi watu wa pwani tunaipenda mana ina meli ndani. Eti matajiri wa Kiingereza wakenda India walipewa chumba upande wa kushoto, kurudi upande wa kulia, jua lisiwapate, na tiketi ikapigwa muhuri wa herufi za Port Out, Starboard Home. Haya, tiketi yenyewe iko wapi? Hajaionesha mtu hata moja! Na karne ya 19 posh ilikuwa tayari slengi ya London, ya visenti, halafu ya mtu anojipamba.

Cop, yani polisi, nayo wanasema ni Constable On Patrol, konstebo wa doria, wapi, to cop ilikuwa kukamata, basi.

Pommy, Waaustralia wanavyowaita Waingereza, tunaambiwa ni Prisoner Of Mother England, mfungwa wa Mama Uingereza. Ushahidi wa kwenye miaka ya 1912 unaonesha ni komamanga, walichezea immigrant ikawa pomegranate, na mashavu yale mekundu yakasaidia. Ukimuona Muingereza siku ya pili ufukweni Nungwi huulizi tena.

Na news, yani habari, msiniletee pande nne za dunia, north, east, west, south, ni new na s yake ya wingi, zamani wakiandika newes.