Wakelti hawakushindwa kuchora farasi

Mwonyeshe mtu sarafu ya fedha ya Wakelti, watu wa kale wa Ulaya, wa bonde la mto Danube, huenda akacheka. Miguu ya farasi imekatika vipandevipande, na mpanda farasi pengine amebaki kichwa tu kinachoelea juu ya mgongo. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba washenzi walijaribu kuiga kazi ya Wagiriki, wakashindwa.

Kuiga, waliiga. Chanzo ni sarafu za Philip II, mfalme wa Masedonia wa karne ya 4 KK: Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, upande mmoja, mpanda farasi upande wa pili. Lakini nakala za mwanzo zinakaribiana sana na za Philip. Michoro ilizidi kuachana na umbo halisi kadiri miaka ilivyopita. Kama tatizo lingekuwa mkono mzito, basi hao wa kwanza ndio wangevurunda. Tena mafundi wa ulimwengu huohuo wa Kikelti walitengeneza ngao ya Battersea, yenye mapambo ya ustadi, iliyoopolewa kutoka mto Thames, Uingereza, mwaka 1857. Mwenye kuiona hathubutu kuwaita wababaishaji.

Chukua sarafu za Coriosolites, kabila la Kikelti la Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa ya leo, za fedha iliyochanganywa na shaba. Mwaka 2012 lilifukuliwa kisiwani Jersey rundo la sarafu karibu 70,000, nyingi zikiwa zao. Nywele za kichwa kilichochorwa upande mmoja zimekuwa mizunguko iliyopangwa kwa makini, na chini ya farasi mara nyingi yumo nguruwe mwitu, mnyama waliyempenda sana katika sanaa yao. Mkono usiojua kunakili hauzui nguruwe kwa bahati mbaya.