Gemu za vita hazizalishi wauaji

Kijana akishambulia watu kwa bunduki, haupiti muda kabla mtu hajauliza alikuwa akicheza gemu gani. Swali linaonekana la busara, ila msingi wake ni mbovu. Vijana wengi wa kiume hucheza gemu, hivyo kukuta mshambuliaji naye alicheza hakutuelezi chochote, sawa na kugundua kwamba alivaa viatu.

Hofu yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1993 maseneta wa Marekani waliijadili hadharani Mortal Kombat, gemu ya mapigano yenye damu nyingi, na mwaka uliofuata ikaundwa bodi ya kupanga gemu kwa umri, ESRB. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilibatilisha sheria ya California iliyokataza kuwauzia watoto gemu za kikatili. Ushahidi ulioletwa, ilisema, haukuthibitisha kwamba gemu ndizo chanzo cha ukali. Na Japani na Korea Kusini, ambako gemu zimekolea, mauaji ni machache mno kulinganisha na Marekani.

Wanasaikolojia bado wanabishana kuhusu hasira za muda mfupi na maneno makali baada ya kushindwa (mchezaji yeyote anazijua). Kutoka hapo hadi kuua ni mbali sana.

Mimi ningehofia zaidi saa zinazopotea. Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa gemu katika ICD-11, orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022. Mtoto asiyelala anahitaji msaada, hata kama gemu yake ni ya kupanga matofali tu.