Kujitolea Hifadhini: Anzeni Penye Magugu Machache

Kikosi cha wanaojitolea kikiingia hifadhini kupambana na mimea vamizi, macho yote hukimbilia kichaka kinene kuliko vyote. Watu hutaka kuanzia hapo, na hapo ndipo nguvu nyingi hupotea. Eneo lililozidiwa kabisa na magugu lina akiba kubwa ya mbegu zake ardhini, na pembeni hakuna mimea ya asili ya kutosha kuziba pengo. Ukilifyeka, mvua ya kwanza inarudisha gugu lile lile, safari hii bila kivuli cha kulizuia.

Dada wawili wa Sydney, Joan na Eileen Bradley, walifuata njia ya kinyume katika miaka ya 1960, na hadi leo wahifadhi wengi wanaitumia. Anza mahali ambapo mimea ya asili bado ina nguvu na magugu ni ya kuhesabika, kisha sogea polepole kuelekea palipoharibika. Usitibue udongo zaidi ya inavyolazimu. Usifyeke kwa kasi inayozidi ile ya mimea ya asili kurudi. Sharti hili la mwisho ndilo linalowashinda watu wenye ari, kwa sababu mwisho wa siku hakuna rundo kubwa la kupigia picha.

Namna ya kung'oa hutegemea mmea wenyewe. Kichaka vamizi kiitwacho Lantana camara ukikikata usawa wa ardhi, kinachipua upya kwenye shingo ya mzizi, yaani pale shina linapokutana na mzizi, na penye shina moja unakuta matano. Njia iliyobuniwa India ni hii: fukua udongo kuzunguka shina, kata mzizi mkuu sentimita 3 hadi 5 chini ya uso wa ardhi, halafu nyanyua kichaka kizima na ukigeuze mizizi ikae juu, isiguse udongo tena. Kiache kikauke papo hapo. Kukiburuta kikiwa na matunda ni kumwaga mbegu njia nzima. Ndege hupenda matunda hayo, kwa hiyo unaporudi kukagua, anza chini ya miti mikubwa wanakotua. Miche mipya huwa mingi hapo.

Gugu karoti, yaani Parthenium hysterophorus, linataka wepesi. Mmea mmoja uliostawi unaweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000, na mche unaweza kuchanua wiki nne tu baada ya kuota. Ling'oe kabla ya maua, udongo ukiwa na unyevu, ukishika shina chini kabisa, maana likikatikia juu litachipua. Likiwa limeshachanua, livishe mfuko kwanza ndipo ulivute. Vaa glavu, mikono mirefu na barakoa. Mzio wake hujijenga kwa kugusana nalo mara kwa mara, hivyo aliyelishika msimu uliopita bila shida asijione salama. Mwenye pumu apewe kazi nyingine.

Mpungate, aina ya kaktasi, usipigwe panga kabisa. Kila kipande kinachoanguka huota mizizi, na pigo moja la panga linaweza kuzaa mimea mingi. Kabla ya kugusa, tazama kama kuna madoa meupe kama pamba. Ukibonyeza doa kwa kijiti na likatoa utomvu mwekundu, huyo ni kochinili, mdudu anayefyonza mpungate mpaka ukanyauka. Baadhi ya hifadhi humwachilia kwa makusudi, kwa hiyo mwache na umjulishe askari wa hifadhi. Dawa za kuua magugu ni kazi ya watumishi waliofunzwa.

Kung'oa mara moja ni nusu ya kazi, pengine chini ya hapo. Andika tarehe, alama za GPS, aina ya gugu na ukubwa wa eneo, kisha panga kurudi. Kwa gugu karoti, msimu wa mvua rudi kila baada ya wiki tatu. Kikosi kisicho na uwezo wa kurudi kichukue eneo dogo zaidi.

Kagua viatu kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Mbegu hukaa kwenye nyayo, kwenye pindo za suruali na kwenye matairi. Brashi ngumu huondoa tope lililokauka vizuri kuliko maji, na uchafu wote ubaki sehemu moja inayokaguliwa.

Kuhusu wanyama, kazi iwe ya kuangalia na kuandika. Mtoto wa swala aliyelala kimya majanini hajatupwa. Mama yake humficha na kurudi kumnyonyesha, hivyo ondokeni haraka. Mkikuta mtego wa waya, msiuguse wala msikanyage nyayo zilizo karibu. Huo ni ushahidi: chukueni alama za GPS, piga picha, mwite askari.